Jezi Iliyovaliwa Kabla ya Kugawanywa

Nyinyi vijana mnaotengeneza jezi kwenye kompyuta, najua mnavyofanya. Mnaandika neno moja mtandaoni, mnashusha kitambaa cha mtu msiyemjua, mnakibandika juu ya rangi, na kabla chai haijapoa mteja ameshatumiwa. Siwagombezi. Ningekuwa na umri wenu na bando zenu ningefanya vivyo hivyo. Lakini kwa kuwa nimefunga duka na sina mteja wa kunikimbiza, kaeni niwaambie tulivyokuwa tukifanya hapa Voi, na kwa nini mimi Mkawasi, ambaye nusu ya mji ilinijua kwa jina la Mama Skana, niliacha kazi nikiwa bado na macho mazuri.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe, maana hata watu wa kanisani kwangu walidhani nauza nguo. Sikuuza nguo. Nilichora jezi zisizo na uzito. Timu ikitaka kuona jezi zake kabla hazijaenda kuchapishwa Mombasa, ilikuja kwangu. Vijana wanaocheza mpira kwenye simu wakitaka timu yao ya mtaa ivae rangi zake ndani ya mchezo, walikuja kwangu. Rangi si kazi, rangi hata mtoto wa chekechea anapaka. Kazi ni kitambaa. Jezi ya rangi tupu kwenye skrini inaonekana kama ndoo ya plastiki. Ili jicho likubali kwamba hii ni nguo, lazima uitie uzi, vitundu, mikunjo midogo, na ule mng'ao wa polista inapopigwa na jua la saa tisa. Hiyo picha ya uzi na vitundu ndiyo niliyoiita ngozi. Ukiwa na ngozi nzuri, rangi yoyote utakayoiweka chini yake inageuka nguo.

Ngozi zangu nilizitoa kwenye nguo halisi. Nilikuwa na skana moja ya zamani, kifuniko chake nimekifunga kwa mpira wa baiskeli. Unapiga nguo pasi, lakini usiibonyeze sana, uzi ukilala haunyanyuki tena. Unaondoa nywele na vumbi kwa selotepu, na vumbi letu la Voi mnalijua, jekundu na king'ang'anizi. Unailaza nguo kwenye kioo, mistari ya uzi ikienda sambamba na ukingo, unaweka karatasi nyeusi nyuma yake, kisha kitu kizito juu. Mimi nilitumia kitabu cha nyimbo za kanisa cha Kidawida, lugha yetu Wataita, na sikuona dhambi.

Picha ikishaingia, unakata kigae, yaani kipande cha mraba, kidogo tu, kitakachorudiwa na kurudiwa mpaka kifunike jezi nzima. Unakiondolea rangi kibaki kijivu. Unakisukuma nusu kwa nusu ili kingo zije katikati, uone zinapoachana, kisha unapaziba kwa brashi ya kunakili. Na hapa mnisikilize vizuri. Kasoro moja kwenye kigae si kasoro moja. Ikirudiwa mara mia inakuwa safu, na jicho la binadamu halipiti safu bila kusimama. Ndiyo maana kila nilipomaliza kigae nilikwenda mlangoni, nikafumba jicho moja, nikaitazama skrini kutoka mbali. Kama kuna kitu kinaniita, najua kigae kimeharibika.

Aliyenifundisha kufumba jicho ni Bwana Shee, mtu wa pwani aliyekuwa na studio ya picha karibu na msikiti. Yeye ndiye aliyenishika mkono nikiwa nimetoka kwenye cherehani na sijui mausi hushikwa upande gani. Jezi yangu ya kwanza nilimpelekea nikiwa nimevimba kichwa. Aliitazama kitambo, akashusha miwani.

"Mama, mchezaji huyu ana kimo gani?"

Nikamwambia, cha kawaida.

"Basi mbona uzi wa jezi yake mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe? Umemvika gunia, maskini ya Mungu."

Nilikuwa nimesahau kupima. Tangu siku hiyo nilihesabu vitundu kwenye nguo halisi, kutoka shingoni hadi begani, na idadi hiyo hiyo ndiyo niliyoipitisha kwenye skrini. Nyinyi hampimi. Naona kazi zenu kwenye simu, wachezaji wamevaa vyandarua.

Lakini kabla ya Bwana Shee nilikuwa na mwalimu mwingine, na ningemsikiliza huyo nisingekuwa na hadithi ya kuwaambia. Ni shangazi yangu, aliyekuwa akishona sare za shule Mwatate. Mtu akileta nguo ya kurekebishwa, kabla hajaigusa aliuliza, "Hii ni ya nani?" Mteja akisema ni yake, sawa. Akisema ni ya ndugu yangu, shangazi aliuliza tena, "Ndugu yako anajua?" Nilimcheka. Nikamwambia anawakera wateja. Akanijibu kwamba nguo ina mwenyewe hata ikiwa jalalani, na fundi asiyeuliza atakuja kumvua mtu asiyemwona. Kuuliza si ujinga, alisema, na kwa miaka yote niliyokaa kwenye cherehani niliuliza. Nilipohamia kwenye kompyuta nikaacha. Nilijiambia kwamba sichukui nguo, nachukua picha yake tu, na mwenyewe harudishiwi pungufu.

Sasa Kilelu. Kilelu alikuwa kapteni wa timu moja ya kule Mbololo, kijana mrefu, mpole, anayeongea akitazama viatu vyake. Alikuja dukani na jezi moja ya golikipa, ya mikono mirefu, rangi ya majani makavu.

"Mum, hii ndiyo imebaki na rangi poa. Tutolee zingine kama hii, timu nzima."

"Nyote mnataka kuwa makipa?"

Hakucheka. Akasema, "Kitambaa tu, Mum. Tunataka kitambaa kama hiki."

Jezi ilikuwa imefuliwa na kukunjwa vizuri. Ilikuwa nzito kuliko inavyopaswa, nikadhani haijakauka, nikaipitisha shavuni kama tunavyofanya mafundi. Ilikuwa kavu kabisa. Nikailaza kwenye kioo, picha ikaingia, nikamrudishia. Sikuuliza ni ya nani.

Kigae nilikikata chini ya kwapa la kushoto, mahali ambapo jua halifiki na uzi haujachoka. Nikakisafisha, nikakijaza kwenye jezi. Niwaambie ukweli, katika maisha yangu sijawahi kutoa ngozi iliyokaa vile. Mimi nilikuwa nimechora jezi bapa, iliyotandazwa, haina mtu. Ile ilikuwa na kifua. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo, kama la mtu anayesikiliza. Nikapima kwa rula ya programu, mabega yote mawili yako sawa. Nikaondoa rula, bega likashuka tena. Nikasema nimechoka macho, nikaenda kunywa chai, na moyoni nilikuwa na furaha kubwa. Fundi akipata kitu kizuri hajiulizi kimetoka wapi.

Nikaanza kuitumia kwa kila mtu. Timu za Mwatate zikaivaa, za Taveta zikaivaa, mwalimu wa michezo wa shule moja kule Chala akaichukua kwa ajili ya mchezo wa simu, naye akawagawia wenzake. Wateja wote walisema maneno yale yale, na walisema kwa kusifu: Mama Skana, hizi jezi zako zina watu ndani. Nilikuwa nikicheka.

Kisha ikaja asubuhi moja, jua kali, mlango wazi. Nilikuwa nimemaliza jezi ya watu wa Mwatate, nikaenda mlangoni kufumba jicho kama kawaida. Nikaona safu. Vijistari vidogo vidogo, vimepangwa kutoka shingoni hadi pindoni. Nikarudi kwenye kiti, nikavuta picha karibu. Ilikuwa mishono ya mkono. Saba, na wa mwisho umerudi nyuma juu ya wenzake. Mtu alikuwa ameziba tundu dogo chini ya kwapa, kwa uzi wa rangi ile ile, na alikuwa ameliziba kwa ustadi hata mimi niliyezaliwa kwenye vitambaa sikuliona.

Nikaifuta kwa brashi ya kunakili. Nikahifadhi faili, nikaenda kula maharagwe kwa jirani. Niliporudi, mishono ilikuwa pale pale. Nikasema ni uzee, nimesahau kuhifadhi. Nikaifuta tena, nikahifadhi tena huku najisemea kwa sauti, "Mkawasi, umehifadhi." Nikafunga programu, nikaifungua. Saba, na wa mwisho umerudi nyuma.

Mara ya tatu nilifanya ambalo lingefanywa na fundi yeyote mwenye akili. Nilirudi kwenye picha ya kwanza ya skana, nikakata kigae kipya kabisa, cha mgongoni, mahali ambapo hapakuwa na tundu wala uzi wa mkono. Nilikikagua kila kitundu. Kilikuwa safi. Nikakijaza kwenye jezi, nikaenda mlangoni, nikafumba jicho.

Tangu siku ile niliacha kukagua kutoka mlangoni. Ndivyo mtu mwoga anavyofanya kazi, na msijidanganye kwamba nyinyi mngefanya tofauti. Wateja hawakuona kitu, mkate wangu ulikuwa pale, na mimi nikaamua kwamba ambacho sikitazami hakipo.

Yule mwalimu wa Chala ndiye aliyenitoa kwenye usingizi. Alikuja mwenyewe hadi Voi, akaweka simu yake mezani mwangu.

"Mama Skana, nieleze. Kipa wetu mbona anashika nguzo?"

Nikatazama. Kwenye ule mchezo timu yake ilikuwa imevaa jezi zangu. Kila ilipopigwa kona, kipa aliacha katikati ya goli, akatembea taratibu hadi nguzo ya kushoto, akaigusa kwa kiganja mara mbili, kisha akarudi. Mwalimu akabadilisha jezi, akawavika nyingine isiyo yangu. Kona ikapigwa, kipa akabaki katikati. Akawarudishia zangu. Kipa akaenda kwenye nguzo, akaigusa mara mbili.

"Hiyo ni hitilafu ya mchezo," nikamwambia. "Mimi nimetengeneza picha ya kitambaa. Picha haina miguu."

Mwalimu alinitazama kama ninamuuzia mbuzi mgonjwa. Aliichukua simu yake akaondoka bila kumaliza soda.

Wiki haikuisha, Kilelu akaja. Mbele yake alikuwa mama mmoja aliyejifunga leso mbili, moja kiunoni na moja mabegani, ingawa palikuwa na joto. Nilimfahamu kwa sura, anauza mboga sokoni. Alikuwa amekonda hadi mifupa ya mikono inahesabika. Kilelu alibaki mlangoni akitazama viatu.

"Wewe ndiye Mama Skana?"

"Ndimi, dada. Karibu ukae."

"Sikai. Mimi ni Mama Maghanga. Nionyeshe mwanangu."

Sikuelewa. Nikamtazama Kilelu, na Kilelu akaanza kulia kimya kimya, mtu mzima vile. Ndipo nikaambiwa. Ile jezi ilikuwa ya Maghanga, kipa wao. Msimu wa mvua alijaribu kuvuka mto uliokuwa umefurika, ukamchukua. Jezi haikuwa nyumbani kwao kwa sababu timu hufuliana kwa zamu, na wiki ile ilikuwa kwenye begi la Kilelu. Aliogopa kumrudishia mama yule nguo mkononi. Akaona ni heshima timu nzima ivae kitambaa cha mwenzao. Siku aliyoileta kwangu, Maghanga alikuwa na siku kumi na moja tangu azikwe.

"Ungeniambia," nikamwambia.

"Hukuuliza, Mum."

Niliwasha skrini, kwa sababu mama alikuwa amesimama akingoja na sikuwa na njia nyingine. Alisogea. Hakuwa amezoea kompyuta, aliinama kama anachungulia kisimani. Akanyoosha kidole, akakiweka sawasawa kwenye ile mishono.

"Huu ni mshono wangu," akasema. "Mimi humaliza kwa kurudi nyuma. Mama yangu alinifunza hivyo." Kisha akauliza, "Na bado anashika nguzo kama alivyozoea?"

Kilelu akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amemwonyesha ule mchezo kwenye simu.

Ukoo wao una desturi yake, na ni desturi ya nyumba yao, msije mkasema Mama Skana amesema Wataita wote hufanya hivi. Mtu akifa, nguo zake zote hufungwa pamoja kwenye shuka. Hakuna anayevaa hata soksi. Siku ikifika, mzee wa ukoo anafungua lile furushi, anaita ndugu mmoja mmoja, anampa nguo, na aliyepewa anaivaa hapo hapo. Kipande cha mwisho kikishavaliwa, mama au mke wa marehemu anasema na aliyekivaa kana kwamba ndiye marehemu mwenyewe, anamuaga, na matanga yanaisha. Kipande kikikosekana hakuna kuaga.

"Viatu tumegawa," Mama Maghanga akasema. "Koti, mshipi, hata kofia. Jezi haikuwepo, mzee akasema hatuwezi kufunga matanga. Ni miezi minane sasa namwekea sahani. Kila jioni namsikia anafika mlangoni. Anasimama. Haingii wala haendi. Na nilikuwa najiuliza, mtoto huyu ananingojea nini? Kumbe hawezi kwenda. Watu wamemvaa."

Hakunipigia kelele. Angenipigia kelele ningejitetea. Niliona aibu hadi masikio yakawaka, na nikaogopa, na nikamhurumia, vyote pamoja. Nikamwambia, "Nisamehe, dada. Nitamtoa huko."

Nilidhani nitaweza. Nilifuta faili kwenye kompyuta, nikafuta kwenye flashi, nikachoma moto hata karatasi za majaribio. Nikaanza kupiga simu. Kapteni wa Mwatate alifuta, lakini binamu yake alikuwa nayo. Mwalimu wa Chala alifuta kwa furaha kabisa, lakini alikuwa amewapa watu wa ng'ambo ya mpaka, nao wameshawapa wengine. Kila niliyempata alinitajia wawili nisiowajua. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya nilikuwa nimeyamwaga mwenyewe kwa mikono miwili.

Nikaenda Mbololo kumwona Mzee Mwadime, ndugu wa baba yake marehemu, ambaye ndiye mgawaji. Alikuwa mtu mkavu, karani mstaafu wa shamba la mkonge, anayependa mambo yawe na idadi.

"Wangapi wanayo?" akaniuliza.

"Sijui, mzee."

"Kadiria."

"Siwezi hata kukadiria. Wengine wako Tanzania. Wengine labda hawajazaliwa, maana faili haizeeki."

Akanyoosha kitambaa cha meza ambacho tayari kilikuwa kimenyooka.

"Hao wamevaa picha," akasema mwishowe. "Picha wameipata kwako. Aliyeitoa hiyo picha kwenye nguo yenyewe ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi wao wote wamevaa kupitia kwako. Nikikupa wewe, nimewapa wote. Utakuja Jumamosi saa nne, Kilelu ataleta jezi, na utaivaa."

Nikamwambia, mzee, mimi si ndugu yenu, mimi ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, na mimi ni mtu wa kanisa.

"Hata sisi ni watu wa kanisa," akanijibu. "Mchungaji ndiye atakayeomba kabla ya chai. Lakini nikuambie jambo moja ili usije ukalalamika. Mama yake atasema na wewe, na wewe utajibu kama mwanawe. Ukishajibu na akakuruhusu, umekwenda. Kwake hutakuwepo."

Nilidhani hiyo ni lugha ya wazee. Wazee husema mambo kwa uzito, nawe unaitikia kwa heshima, maisha yanaendelea. Nikamwambia sawa.

Jumamosi nilikwenda. Walikuwa watu kama ishirini, wamekaa kwenye viti vya kukodi uani, wengine wamevaa nguo za marehemu walizopewa mara ya kwanza. Kijana mmoja alikuwa na koti, mwingine na viatu vikubwa kuliko miguu yake. Niliivaa jezi juu ya gauni langu. Kwa kweli nilichekesha, ilinibana tumboni na mikono ikanizidi, na mwanamke mmoja alijifunika mdomo kwa leso. Nami nilikaribia kucheka. Kisha Mama Maghanga akainuka.

Alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake. Aliniwekea kola vizuri. Alisema kwa Kidawida, nami nawapa kwa Kiswahili.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Mto umejaa. Usipite njia ile."

"Nitapita juu, kwenye daraja la mbao."

Sikilizeni. Mimi si mtu wa Mbololo. Sijui njia zao, sikujua kama huko juu kuna daraja, wala kama ni la mbao. Maneno yalitoka kinywani mwangu kama ninavyotaja jina langu. Nilimwona Mzee Mwadime akiinua kichwa.

Machozi yalimtoka mama, lakini sauti haikutetemeka. "Basi nenda, baba," akasema. Akanipita. Hakunipita kama unavyompita mtu, kwa kumkwepa kidogo. Alitembea moja kwa moja, ikabidi mimi nijiondoe, akaenda hadi meza ya chai akaanza kuwauliza watu kama wana sukari.

Nilivua jezi, nikaikunja, ikawa nyepesi kama jezi yoyote. Wiki iliyofuata mwalimu wa Chala alinipigia. Wale watu wa ng'ambo bado wanacheza na timu ile, jezi ni zile zile, na kipa anabaki katikati ya goli. Mimi sikufungua tena programu ile. Niliuza kompyuta, nikampa jirani skana. Watu wanadhani niliacha kazi kwa woga wa mashetani. Niliacha kwa sababu mkono wangu ulikuwa umezoea kuchukua bila kuuliza, na mkono wa umri wangu haufundishiki tena. Wenu bado unafundishika. Mtu akiwaletea nguo, ulizeni ni ya nani. Akisema ni ya mwenzake, ulizeni kama mwenzake anajua, na afadhali mwone aibu ya kuuliza sasa kuliko ile niliyoiona mimi.

Jumatatu iliyopita nilikwenda sokoni. Mama Maghanga alikuwa amekaa nyuma ya mafungu yake ya mchicha, amenenepa, amevaa leso mpya, anamtania jirani yake juu ya mume wake. Nilifurahi kumwona hivyo, nawaambia ukweli, nilifurahi sana. Nikasimama mbele yake, nikamwambia, "Hujambo, dada." Akaendelea na hadithi yake. Nikachagua fungu, nikamnyooshea noti. Mkono wangu ulikuwa karibu na uso wake kiasi kwamba ncha ya noti ilimgusa shavuni. Alijikuna shavu, kama mtu aliyetuliwa na nzi. Kisha akamtazama mwanamke aliyesimama nyuma yangu, akamtazama kupitia hapo nilipokuwa, akamuuliza, "Karibu mama, nikufungie ngapi?"

Nikarudisha fungu mahali pake, nikaondoka. Nilipofika kwenye wauza nyanya nilimsikia nyuma yangu akicheka.